Hitima Juu ya Pumba

Jumatatu, 16 Juni

Nimeletewa barua. Ina muhuri!

Aliyeileta ni Bwana Sadala, afisa mazingira wa halmashauri. Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi, mkononi kijiti cha chuma. Kile kijiti hakitulii. Kila anachokiona anakichoma: mtaro, gunia, mzizi wa mwarobaini. Akaufikia mlima wangu wa pumba nyuma ya mashine, akakizamisha mpaka vidole vyake vikagusa pumba. Akauliza mlima una muda gani pale. Nikasema tangu msimu uliopita. Ni misimu mitatu, lakini hakuniapisha.

Barua nimeisoma mara tatu huku Tamimu ananyonya. Inasema mashine yangu ya kukoboa mpunga ina “utupaji holela wa taka ngumu kandokando ya mtaro wa maji ya mvua”. Taka! Ganda la riziki leo limekuwa taka. Niziondoe pumba zote ndani ya siku saba, na nisizichome. La sivyo mashine itafungwa utepe. Siku saba, katikati ya mavuno, kijiji kizima cha Nyamwage kimejaa magunia, nina mtoto titini na mwingine sketini!

Hakunitisha, nikiri. Alisema kwa upole kabisa kwamba wachoma matofali wa Ikwiriri wanazililia pumba, wanakuja wenyewe na trekta, wanazoa, wanaondoka. Akaniandikia namba ya simu nyuma ya barua. Hapo nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Kisha akaongeza kwamba jirani yangu Sihaba ndivyo anavyofanya, na kwake sasa panapendeza kama ua wa msikiti.

Sihaba! Mashine yake iko ng'ambo ya barabara. Aliisimika mwaka mmoja baada ya yetu, akapaka ukuta rangi ya kijani ileile ya kwetu. Sasa aliyeigwa amwige mwigaji? Hapana. Nitatafuta njia yangu.

Barua nimeiweka chini ya godoro. Namba imeangalia chini.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Ukasha, mume wangu. Yuko Salale, huko delta, ananunua kamba wabichi, wiki ya tatu hii. Nikamsomea barua yote na muhuri nikamweleza ulivyo. Akasema piga hiyo namba. Nikamwambia simsikii. Akapaza sauti, mama Warda, piga hiyo namba, basi! Nikamwambia mtandao wa Salale unakatakata. Nikaukata.

Wazo la leo: pumba zikichomwa zinakuwa jivu, na jivu halina kimo. Barua imekataza kuchoma, lakini mimi nimeielewa hivi, kwamba makatazo yanaanza siku ya saba. Saa mbili asubuhi nikatia kiberiti.

Haziwaki kama majani makavu! Hazitoi ndimi. Zinafuka tu, kama mtu mwenye kinyongo. Moshi mweupe ukavuka barabara kuu. Basi la Lindi likapunguza mwendo, likapiga honi, kondakta akatoa kichwa akauliza kama tunafukuza mbu au tunafukuza abiria.

Sihaba akaja na shuka lake jeupe, alikuwa amelianika. Akaniuliza, mama Warda, nilirudishe majini au nijifunge hivihivi nionekane natoka kuzimu? Nikamwambia upepo ni wa Mungu. Akasema, upepo wa Mungu, sawa, na kiberiti cha nani?

Jibu nimelipata sasa hivi naandika. Zuri sana. Limechelewa.

Warda ameanza kukohoa tangu adhuhuri.

Jumatano, 18 Juni

Zahanati. Foleni tangu saa moja, Tamimu mgongoni, Warda mapajani. Ana miaka minne lakini akiumwa anakuwa mzito kama wa saba. Kifua chake kinalia kama mlango wa chumba cha mama mkwe. Nesi akamsikiliza mbele na nyuma. Akaniuliza kama napikia kuni. Nikasema napikia gesi. Na ni kweli! Akauliza kama kuna anayevuta sigara. Hakuna. Akauliza kama kuna moshi wowote mwingine mahali mtoto anapochezea. Nikasema, sista, moshi upo dunia nzima.

Akanipa dawa ya maji, akasema mtoto akae mbali na moshi, na moshi ukae mbali na mtoto. Alilisema kwa pande zote mbili, nadhani aliniona mzito wa kuelewa.

Njiani Warda akauliza kama ndani ya kifua chake kuna mashine. Nikamwambia ndiyo, ndogo, inakoboa. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikambeba mpaka nyumbani, ingawa miguu anayo na mgongo wangu umeshaacha kuwa wangu.

Tulipofika nikamwita Khamisi, fundi wa mashine, tukaumwagia mlima maji. Ndoo baada ya ndoo mpaka moshi ukakata. Umezimika, alhamdulillahi. Mlima haukupungua. Ulikuwa wa kahawia, sasa una madoa meusi kama fisi.

Khamisi ananung'unika. Anasema pumba hazizimwi kwa juu, lazima zitawanywe mtu aone tumbo la mlima, moto unajichimbia chini ukalala. Nikamwambia moto ukilala basi tuuache upumzike, hata mimi ningependa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata!

Mlima ambao hauonekani si mlima. Nimeagiza udongo mwekundu, tela zima. Khamisi kausawazisha mlima kwa koleo mpaka ukalala chini, mpana. Tukaufunika udongo kimo cha kiganja, tukaushindilia. Sasa nyuma ya mashine pana uwanja ulioinuka kidogo, laini kama baraza la tajiri. Mpita njia akiona atasema watu hawa wanajenga.

Kasoro ni moja: kijiti cha chuma. Kikishuka kiganja kimoja tu kitatoka na pumba. Nimewaza mchana kutwa. Ni kitu gani kinaweza kumzuia mtu wa serikali asichome ardhi? Nyumba? Sina muda wa kujenga. Kaburi? Astaghfirullah. Nililiwaza kidogo tu.

Bi Sijaona, mama mkwe wangu, alikuwa karibu yangu anapepeta mchele. Akasema bila kuninyanyulia macho kwamba mwezi ujao marehemu anatimiza mwaka. Marehemu ni Mzee Abdala, mumewe, ndiye aliyeianzisha hii mashine. Akasema hajui kama yupo atakayemkumbuka, watu siku hizi wana shughuli.

Nikaacha kuwaza. Hitima! Nani anachoma chuma chini ya watu wanaosoma Yasini? Afisa au si afisa, atavua viatu, atakaa mkekani, ataitikia amina. Na mikeka itandikwe wapi? Kwenye baraza letu jipya!

Nikamwambia, mama, jambo la heri haliahirishwi. Tusingoje mwezi ujao. Tumsomee Jumatatu hii, saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu ndiyo saa ya ukaguzi iliyoandikwa kwenye barua.

Mama akaweka ungo chini. Akanishika mkono. Mkono hakuuachia mpaka Tamimu akalia.

Jumamosi, 21 Juni

Mama mkwe amezunguka kijiji chote. Kila anayekutana naye anamwambia mkamwana wake kamkumbuka mzee kuliko watoto wa kuzaa. Watu wananisalimia kwa heshima mpya. Mwanamke mmoja kisimani kaniombea dua. Nimeitikia amina haraka nikaondoka.

Leo tumechambua mchele wa pilau, na mama akafunguka kuhusu mzee. Alikuwa na shimo lake nyuma ya mashine. Kila magharibi anazoa pumba za siku, nyingine za wafuga kuku, nyingine za wachoma matofali, zinazobaki shimoni kwa ajili ya bustani. Haachii hata ungo mmoja ulale nje. Alikuwa akisema ganda la mpunga usipolipa kazi litajitafutia lenyewe. Mama akacheka, akafuta macho na ncha ya khanga. Akaniuliza, hivi lile shimo liko wapi siku hizi?

Nikasema sijui, mama. Ninajua: nililifukia mwenyewe, nikajenga banda la kuku juu yake.

Nikainamia mchele, nikachambua mbio.

Alasiri akaja Sihaba na sufuria kubwa kichwani. Nilimwambia masufuria tunayo. Akasema mnayo, lakini hili linatosha kijiji, na Jumatatu nitakuja kupika, mzee ndiye aliyenifundisha kurekebisha chekeche la mashine yangu lilipokuwa linavunja mchele. Kumbe! Mzee wetu, baba mkwe wangu mwenyewe, alikuwa anavuka barabara kumfundisha mpinzani!

Sufuria akalitua barazani. Akasimama pale, akainua mguu mmoja, akainua na wa pili. Akasema, mama Warda, mbona chini pana moto moto? Nikamwambia ni jua. Akaangalia juu. Kulikuwa na wingu kutoka huku mpaka Ikwiriri.

Warda bado anakohoa, ila kidogo. Nimempaka mafuta ya karafuu kifuani. Akaniuliza kama mashine yake haichoki. Nikamwambia itachoka, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechoka.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika mchana, watoto wamelala. Mkono wa kushoto nimeufunga kitambaa. Lengelenge tu.

Ilianza vizuri mno! Saa mbili na nusu mikeka imeshatandikwa, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa jiko, katikati pazia la khanga. Mkeka mkubwa kuliko yote ni wa mama mkwe, wa ukindu, kausuka kwa mikono yake mwaka aliomzaa Ukasha. Ubani unanukia. Maalimu kakaa kwenye mto.

Saa tatu na dakika kumi, pikipiki. Bwana Sadala na kijiti chake! Akasimama, akaona kanzu, akasikia Yasini imeshaanza. Akavua viatu. Na kijiti akakiweka wapi? Juu ya viatu! Nilikuwa dirishani, nikamkumbatia Tamimu mpaka akalalamika.

Akakaa kati ya wazee wawili. Mzee wa kwanza akamnong'oneza, kwa sauti ambayo hata sisi huku tuliisikia, kwamba magoti yake hayajapata raha namna hii tangu enzi alipokuwa analala juu ya dungu shambani analinda mpunga na moto unawaka chini yake. Mzee wa pili akasema hiyo ni baraka ya marehemu, kawaletea joto wenzake. Wakasema subhanallah. Maalimu alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa kanzu, anasoma mbio kuliko kawaida yake, anabadili paja la kukalia kila baada ya aya mbili.

Sihaba jikoni alikuwa anapakua, macho kwangu. Pilau lilitoka zuri. Limeniuma hilo nalo.

Wakala. Nikampelekea Bwana Sadala maji ya kunawa. Akanipa pole ya marehemu, akasema, mama Warda, leo siwezi kukagua, nitakuwa mtu wa namna gani? Nitaandika nilifika, nimekuta shughuli. Tuonane mwezi ujao.

Mwezi ujao! Wakati huo mavuno yameisha! Nilikuwa karibu kupiga kigelegele, hitimani.

Nikageuka kuelekea kwa wanawake ili nicheke vizuri. Warda alikuwa amelala usingizi katikati ya mkeka wa bibi yake. Bibi mwenyewe kasogea pembeni ili mtoto apate nafasi. Akanieleza kwa furaha kwamba kamlaza pale makusudi, pana joto zuri, litamfaa kifua.

Karibu na miguu ya Warda kulikuwa na uzi wa moshi. Mwembamba. Unatoka kwenye misuko ya mkeka, unapanda, unajichanganya na ubani. Hakuna aliyeushangaa, hitimani moshi ni kitu cha kawaida. Lakini chetezo kilikuwa mlangoni.

Hili daftari sijawahi kulidanganya, kwa hiyo naandika. Nilisimama. Niliutazama ule moshi, nikamtazama Bwana Sadala anayefuta mikono ili aage. Nikawaza, nikimwinua Warda polepole, nikakaa pale mimi, sketi ifunike, dakika tano tu, ameshaondoka. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili.

Mkeka ukazama. Kidogo, kama godoro linavyozama mtu akikalia. Na Warda akazama nao, hata hakuamka.

Tatu sikuifikia. Niliruka sinia, nikapitisha mkono chini yake, nikamnyanyua. Nikapiga kelele, ondokeni! Ondokeni wote, chini kuna moto, ni pumba, ni mimi!

Mzee wa magoti ndiye aliyewatangulia wote mpaka barabarani. Kwa hiyo yamepona kweli. Maalimu alibeba msahafu na mto. Wanawake wakazoa watoto, mwenye wake na asiye wake. Mkeka wa mama ukafunguka tundu la ukubwa wa sinia, na ndani ya tundu kukaonekana wekundu, umetulia kabisa, kama jicho la mtu ambaye alikuwa macho siku zote.

Warda akaamka begani kwangu. Hana hata doa. Akauliza kama pilau limebaki.

Bwana Sadala hakupayuka. Ningependa apayuke. Akavaa viatu, akachukua kijiti, akakizamisha mara moja, kikatoka kinafuka. Akaniuliza, ile namba nilikupa? Nikasema ulinipa. Akaifunga mashine utepe, na magunia ya watu yako ndani, na wenye magunia wamesimama pale wanaangalia na mchuzi mikononi.

Mama mkwe alingoja watu waondoke. Kisha akaniuliza swali moja. Akasema, mwanangu, hitima hii ilikuwa ya mzee au ya pumba?

Nikasema ya wote wawili, mama.

Akaukunja mkeka wake, tundu kwa ndani, akaingia nao chumbani. Mlango ukalia. Kama kifua cha Warda.

Jumanne, 24 Juni

Trekta kutoka Ikwiriri! Sikulipigia mimi. Ni Sihaba. Jana ileile alivuka barabara, akapiga ile namba, akawaambia waje kwangu kabla ya kwake. Leo asubuhi nilimkuta barazani, yaani pale palipokuwa baraza, na koleo, yeye na Khamisi wanatawanya pumba nyembamba nyembamba zipoe. Kaamua tu, hajaniuliza. Khamisi alikuwa na uso wa mtu aliyesema mapema.

Nilitaka kumwambia Sihaba asante. Mdomo ukafunguka, likatoka swali kwamba lile sufuria lake tulirudishe lini. Akasema likioshwa, mama Warda.

Tela limejaa mara nne. Mlima wa misimu mitatu, siku moja. Naandika bila maoni.

Wenye magunia wamekuja, tumewakabidhi yote kwa ruhusa ya Bwana Sadala, wameyavusha barabara. Nimeyahesabu kwa macho yakivuka, kisha nikageuza kiti.

Ijumaa, 27 Juni

Bwana Sadala kaja, kachoma kijiti sehemu saba, kimetoka kikavu na baridi kila mara. Akaukata utepe. Akasema sharti ni dogo: kila wiki nipige ile namba, pumba ziondoke, basi. Kama mzee wenu alivyokuwa akifanya, akasema. Mama mkwe kishamsimulia! Wanakunywa chai pamoja ukumbini kwangu!

Mama leo kanisemesha. Alikuwa anaziba tundu la mkeka kwa ukindu mpya, mweupe ndani ya ule wa zamani, kiraka kinaonekana kutoka mbali. Nikamwambia nitamnunulia mwingine. Akasema hapana, huu uliobaki na alama ndio nautaka. Akasema mzee angekuwepo angecheka mpaka adhuhuri, na baada ya adhuhuri angeniita. Sikuuliza angeniita aniambie nini. Akasema mwezi ujao, tarehe yake ya kweli, tutamsomea tena. Nikasema inshallah, na safari hiyo kwa ajili yake tu. Akaniambia nimpe Tamimu ambebe, nikalale kidogo.

Nimelala saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilipoamka Warda alikuwa anacheza nje, hakohoi. Akaweka mkono kifuani, akasikiliza, akaniuliza mashine yake imekwenda wapi. Nikamwambia imefungwa utepe. Akasema vizuri, isifunguliwe. Nikamkumbatia, nikamwambia haifunguliwi, mama yako yupo.

Na ni kweli. Moto nimekoma. Wallahi. Kiberiti sitakishika tena kwenye pumba maisha yangu yote.

Jumatatu, 30 Juni

Magunia yamerudi! Si yote, lakini foleni ipo. Mashine inaunguruma tangu asubuhi. Pumba mpya nyuma zimeshafika magotini.

Nimepiga ile namba. Ndiyo, nimepiga! Mimi mwenyewe! Alipokea mtu mwenye haraka, akasema wanakuja Alhamisi, wanaanza kwa Sihaba, wakimaliza wanavuka kwangu. Wa pili. Mimi! Nikamwambia basi nitafikiria.

Sihaba akaja kuchukua sufuria. Akasema kwa nini tusiite trekta moja, tuchanganye pumba zetu, lijae mara moja liondoke. Akasema hivyo bila kiburi chochote, anamchezea Tamimu mashavu. Nikamwambia nitafikiria na hilo. Asante nimeiweka, nitampa kesho.

Nimefikiri. Moto hapana, nimeshaapa. Lakini maji hayaunguzi mtu. Mtaro uko palepale, unashuka mpaka bondeni, na umekauka kabisa, hauna kazi yoyote hadi mvua za vuli. Ndoo mbili mbili za pumba kila siku, nazimwaga humo taratibu, juu nafunika majani makavu. Mvua ikija itazichukua zote kwa mara moja. Pumba zinaelea! Kijiti hakichomi kinachoelea.

Khamisi anasema chini ya mtaro ndiko lilipo shamba la mpunga la mama mkwe. Nikamwambia maji hayaishii kwa mtu mmoja, yanaendelea. Akauliza, na trekta si linakuja bure? Nikamwambia kuna bure na bure. Akauliza, na Bwana Sadala akija kabla ya mvua? Hapo ndipo nilipotabasamu. Nimeshazungumza na mama kuhusu hitima ya mwezi ujao. Yeye anataka ukumbini, kwenye sakafu ya saruji. Mimi nimempendekezea kando ya mtaro. Pana upepo mzuri.

Leo tumeanza. Warda kanisaidia, kabeba pumba kwa kikombe chake cha chai, anamwaga mtaroni, anarudi, hakohoi hata kidogo, anaimba. Safari ya tatu akasimama na kikombe chake, akaniuliza, mama, leo tunaficha nini?

Nikamwambia hatufichi, mwanangu. Tunahamisha.